Nimetunzwa, ukumbi ukalipuka. Kosa ni langu mwimbaji?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti, naimba na kikundi kidogo cha taarabu hapa Tanga, tunapiga zaidi kwenye harusi na sendofu. Jumamosi iliyopita kuna mama alikuja kunitunza akawa ananiambia rudia, rudia hapo hapo, nikarudia ule ubeti kama mara nne na nikashuka nao mpaka kwenye meza aliyokuwa ananionyesha, kumbe meza ile amekaa mke mwenzie. Wakashikana, viti vikaruka, shughuli ikaishia pale. Kiongozi wangu anasema nimemharibia kazi na tunzo yote kaichukua, wakati yeye mwenyewe ndo alikuwa ananikonyeza niendelee. Na sasa yule mama ananipigia simu anataka nimtungie wimbo wake kabisa, wa kumpelekea huyo mwenzie, na hela anayotaja ni nzuri. Mwimbaji ana kosa gani, mi si naimba tu? Tunzo ni ya nani? Na huo wimbo niupokee?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole, shughuli ya watu kuvunjika wewe ukiwa umeshika maiki ni jambo linalomkaa mtu moyoni. Nikujibu kwanza halafu ndo nieleze. Kosa unalo ila ni dogo, kiongozi wako analo kubwa zaidi, wimbo unaweza kuupokea kwa masharti, na hilo neno "naimba tu" naomba uliache kabisa maana kwenye taarabu hakuna mtu anayeimba tu. Mimi nimekaa nyuma ya kinanda miaka mingi, na uzuri wa kukaa pale ni kwamba waimbaji unawaona mgongo ila ukumbi mzima unauona uso, kwa hiyo haya nitakayokwambia nimeyaona kwenye nyuso za watu zaidi kuliko kwa waimbaji wenyewe.

Anza na hiki. Yule anayeinuka kuja kukutunza hajaja kukulipa. Anayekulipa ni mwenye shughuli, mshakubaliana na kiongozi wako ameshachukua advansi. Huyu aliyeinuka amekuja kuuchukua wimbo. Tazama vizuri siku nyingine jinsi mtu anavyoinuka, haji mbiombio kama anaenda kulipa luku, anasubiri ubeti anaoutaka, anaanza kutingishika pale pale kwenye kiti, anainua noti juu kila mtu aione, anakuja taratibu, anapita meza hii haipiti ile, akifika kwako anakuzunguka, anakupa au anakubandika kichwani, halafu anageuka uso upande fulani. Ukumbi mzima unasoma hayo yote. Kainuka nani, kwenye neno gani, kapita wapi, kageukia wapi. Kwa wakati ule maneno unayoyaimba si yako na si ya mtunzi, ni ya kwake. Na uzuri wake sasa, yeye hajafungua mdomo. Ukimuuliza atakwambia mie nimeupenda wimbo tu jamani. Na wewe ukiulizwa unasema mie nimeimba tu. Basi neno limeshasemwa, aliyekusudiwa limemfika, na aliyelisema hapatikani.

Wazee wetu wa pwani hawakuuweka utaratibu huu kwa bahati mbaya. Watu wanaishi nyumba moja choo kimoja, wanakutana msibani, wanaozeshana watoto, huwezi kumwambia mtu kila kitu usoni na kesho ukamwomba chumvi. Ndo maana kuna kanga, mtu anavaa jina lake, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, anapita mbele ya mlango wa mwenzie na hakuna kesi, na aliyemuuzia ile kanga wala hajui kinachoendelea. Ila wewe si kanga, kanga haina macho. Kanga haishuki stejini ikamfuata mtu mezani.

Hapo ndo kosa lako lilipo, na ni vizuri ulione sawasawa ili usijilaumu kwa lisilokuhusu. Kuimba ule ubeti si kosa. Kupokea noti si kosa, hata kama ulihisi kuna kitu. Kurudia mara ya pili pia ni sawa, watu wanarudishiwa ubeti kila siku. Lakini mara ya tatu na ya nne, kwa noti za mtu mmoja, huku umeshuka umesimama mbele ya meza aliyokuonyesha kwa kidole, hapo hukuwa tena mwimbaji ulishakuwa mtu wa upande wake. Yule mke mwenzie akiwa pale amekaa, mbele ya wakwe na majirani, afanye nini? Kawaida alitakiwa awe na nafasi ya kujibu, na njia ya kujibu ipo siku zote, naye anainuka na noti yake anakutunza wimbo ule ule, anaugeuza. Hii nimeiona mara nyingi kuliko ugomvi, wanawake wawili wanatunza ubeti mmoja, kila mmoja kwa nia yake, mwimbaji anapokea huku na huku uso mkavu kabisa, ukumbi unapiga vigelegele na watu wanaenda nyumbani kila mmoja anaamini kashinda. Wewe uliposhuka mezani ile njia uliifunga. Akiinuka akutunze atakuwa anamtunza aliyemtukana. Sasa mtu ambaye hawezi kujibu kwa wimbo atajibu kwa mkono au kwa kiti.

Na kiongozi wako kwa sababu yeye ni mkubwa, anajua, na alikuwa anakukonyeza uendelee kwa kuwa noti zilikuwa zinashuka, huyo kosa lake halina mjadala. Usimwambie hivyo mbele za watu lakini.

Utaniuliza mbona wapo waimbaji wakubwa wamejenga jina kwa vijembe vya wazi wazi. Kweli wapo, ila angalia kila mmoja alikuwa na uhusiano gani na waliokuwa wanamsikiliza, maana haufanani.

Mchukue Siti binti Saad mwenyewe, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Mtoto wa Fumba, akaja mjini, mwaka 1928 akaenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, lakini kabla na baada ya santuri nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, pale pale Unguja mjini, na watu wa mtaa walikuwa wanakuja kukaa wanasikiliza mazoezi, wanaongea, habari za mjini zinaletwa pale pale na nyingine zinatoka zimekuwa nyimbo. Wimbo wa Kijiti ndo unaojulikana zaidi, ule wa mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa, muuaji akavuka bahari akaponyoka na lawama za mahakama zikawaangukia wanawake waliokuwa wamemkaribisha. Pale jina limetajwa, hakuna fumbo. Lakini linatajwa kwa niaba ya watu ambao tayari habari wanaijua, inawauma, hawana mahali pa kuisemea. Msikilizaji na mwimbaji wako upande mmoja, anayesemwa hayupo ukumbini na mahakama ndo inayosutwa. Hiyo si sawa na kumsema mgeni aliyealikwa na amekaa anasubiri pilau.

Halafu wakaja kina mama na vikundi vyao pale Unguja, Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, na kuna vilivyojiita Royal Navy na Royal Air Force usicheke, majina hayo ni ya kweli kabisa. Mombasa huko kwenye lelemama, ile ngoma ya wanawake, ilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Hawa walikuwa wanapigana vijembe hasa, mavazi kwa mavazi, wimbo kwa wimbo, kundi hili likitoa kundi lile linajibu. Lakini mwimbaji pale ana upande wake na kila mtu anaujua, wasikilizaji wake ndo wanachama wenzie, wameshona sare moja, wamechanga pamoja. Ukienda kwenye shughuli ya Nuru el-Uyun unajua umeenda kusikia nini. Na anayesemwa naye ana kundi lake la kumjibia, hayuko peke yake mezani.

Miaka ya 1990 Dar es Salaam ndo ikawa biashara kubwa. TOT, yaani Tanzania One Theatre, ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, wanazunguka kwenye mabaa na makumbi, ngoma humo humo, maigizo humo humo, sarakasi, halafu taarabu ndo inafunga kazi, na watu wakagawanyika kama Simba na Yanga, huyu wa Khadija Kopa huyu wa Nasma Khamis Kidogo. Mipasho ilikuwa mikali lakini waliokuwa wanapashana ni wasanii wenyewe kwa wenyewe, na wewe mtazamaji umekata tiketi kuja kushabikia. Ukiinuka kumtunza Kopa unajitangaza uko kwa Kopa, na wimbo ule ule ukifika nao mtaani kwako ndo unautumia kwa mambo yako na jirani yako. Yaani ugomvi wa stejini ulikuwa umeshatangazwa mlangoni. Tukaja kwa Jahazi ya Mzee Yusuf na wengine, mambo yakaendelea hivyo hivyo na kinanda kikaongezwa mwendo.

Wewe huko kwenye harusi za Tanga hauko kwenye hali yoyote kati ya hizo. Huna kundi, hujatangaza upande, na waliokaa mbele yako hawakuja kwa ajili yako, wamekuja kwa bibi harusi. Upande wa mume upo, upande wa mke upo, mke mkubwa yupo, mdogo yupo, mashoga waliogombana wapo meza jirani kwa sababu aliyepanga meza hakujua. Mwimbaji wa harusi ni wa wote, kwa hiyo hatakiwi kuwa wa mtu.

Sasa hili la "rudia", naomba nikae nalo kidogo maana ndo linalowaponza wengi.

Kurudia ni uti wa mgongo wa huu muziki tangu zamani. Inavyosimuliwa Zanzibar, Sultani Barghash aliyetawala 1870 mpaka 1888 alileta wapigaji wa Misri na akamtuma mtu Cairo kwenda kujifunza ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905 kikakua na masikio yakiwa Misri. Na Misri ya baadaye ndo ya Umm Kulthum, yule mwimbaji wao mkubwa wa kike, Alhamisi ya kwanza ya mwezi redio inarusha onyesho lake laivu watu wamejaa majumbani na kwenye migahawa, na wimbo mmoja unaweza kupita saa nzima. Unapitaje saa nzima? Kwa sababu ukumbi unadai. Amemaliza mstari, watu wamepagawa, wanapiga kelele arudie, anarudia lakini harudii vile vile, anaubadilisha kidogo, anavuta hapa anakata pale, wanapagawa zaidi. Wimbo unaurefusha msikilizaji. Kwetu pia kwenye taarabu asilia ndo hivyo, ukumbi umekaa kwa adabu viti vimepangwa, watu wanasikiliza maneno, fidla zinajibu, na mstari uliokaa vizuri unaombwa tena.

Kwa hiyo ukisikia rudia jiulize, nani anaomba? Kama ni ukumbi, meza ya huku na ya kule, wanaume kwa wanawake, mpaka wapishi wamechungulia, rudia mwanangu, rudia mpaka asubuhi, hapo wameupenda wimbo na wewe ndo siku yako. Kama anayeomba ni mtu mmoja na wengine wamenyamaza au wameanza kutazamana, hiyo si rudia ya wimbo ni rudia ya neno. Hapo mpe mara moja ya heshima, halafu nenda mbele. Ukumbi ukinyamaza kwenye shughuli ya taarabu ni dalili mbaya kuliko kelele. Mimi nikiwa kwenye kinanda nikiona vigelegele vimekatika upande mmoja tu wa ukumbi huwa nasogeza mkono nakwenda kwenye kiitikio bila kumuuliza mwimbaji.

Kitu kingine wanachokichanganya vijana siku hizi ni mtindo wa dansi. Kwa wenzetu wa Kongo mwanamuziki anataja majina ya watu ndani ya wimbo, mtu katoa hela anatajwa, huko wanaita libanga, na kwenye bendi zetu za dansi mapedeshee wakatajwa mpaka basi. Sina neno na hilo, ni kazi na watu wanakula. Ila ni mkataba mwingine kabisa, kule unalipia utajwe, huku kwenye taarabu unatoa hela na usitajwe, wewe wala unayemsema. Ukianza kuchomeka majina kwenye ubeti wa taarabu kwa sababu mtu kakupa elfu kumi, umevunja kitu ambacho kimewalinda waimbaji wa kike kwa miaka mingi.

Halafu isije ukafikiri kila anayeinuka ana ugomvi. Wanaotunza kwa vijembe wanaonekana zaidi kwa sababu wana mbwembwe. Mama anamtunza mwanae anayeolewa kupitia kwako, kwa sababu hayo maneno ya kumshukuru na kumuaga hawezi kuyasema mwenyewe bila kulia. Mwanaume anainuka wimbo wa kuomba radhi na mkewe yuko kwenye kiti anajifanya anatengeneza ushungi. Kuna mzee mmoja nilikuwa namuona kwenye makumbi ya Dar, wimbo mmoja tu wa zamani wa Tanga, enzi zile za kina Bi Shakila, ukifika ubeti wa mwisho anainuka, anatoa, anarudi kukaa, hachezi wala hatazami mtu. Hatukuwahi kumuuliza na wala si kazi yetu kuuliza. Hao wote wanakuamini wewe usijue. Ukizoea kuchunguza nani anamlenga nani, utaanza kuimba kwa macho, na yule mzee hatainuka tena.

Sasa tuje kwa yule mama na wimbo wake.

Kutungiwa si haramu. Ushairi wa pwani umeishi kwa kuagizwa, mtu ana jambo lake anaenda kwa malenga, malenga anaandika, mwimbaji anaimba. Nyimbo nyingi alizoimba Juma Bhalo wa Mombasa ziliandikwa na malenga Ahmad Nassir, na kwenye jiji lile watu wamebishana miaka na miaka fumbo hili lilimwendea nani na lile lilimwendea nani, na hakuna aliyepata jibu la uhakika, ndo maana nyimbo bado zinasikilizwa. Hilo ndo sharti la kwanza nitakalokupa. Mwambie nitakutungia ila jina halimo, mtaa haumo, kazi ya mtu haimo, rangi wala umbo lake wala uzazi wake havimo. Zingatia hilo la uzazi, najua ndo atakalolitaka, kwenye ugomvi wa wake wenza ndo kisu cha kwanza kuchomolewa na ndo kisichosahaulika. Ukipata ubeti, mpe mtu asiyemjua yule mama ausome. Akikwambia huu unanihusu na mimi, umeandika wimbo. Akikuuliza kwani huyu ni nani aliyefanya hivi, umeandika barua ya matusi, ichane.

Sharti la pili, wimbo ukishatoka ni wako na kikundi. Yeye analipia kutungiwa, halipii kuumiliki. Utauimba Pangani, utauimba Muheza, na siku yule mke mwenzie akiinuka kuutunza utampokea kama unavyompokea mtu yeyote. Mwambie hivyo kabla hujachukua hata shilingi. Asipotaka, hiyo si kazi ya taarabu anayokupa, anatafuta mtu wa kumtuma, na hela yake mwachie.

La tatu, usiuimbe kwa mara ya kwanza kwenye shughuli ambayo wote wawili wapo. Hili hata halihitaji maelezo.

Kuhusu hela ya tunzo. Hakuna sheria moja, kila kikundi na mila yake. Vilabu vya zamani vilivyoendeshwa kwa wanachama tunzo iliingia kwenye mfuko wa klabu, kwa sababu wapigaji wote walikuwa na kazi zao mchana na muziki ulikuwa wa wote. Vikundi vya kisasa vingi mwimbaji anachukua sehemu na sehemu inaenda kwa wapigaji na waitikiaji, na hii mimi naiona ya haki zaidi maana bila fidla au kinanda huwezi kutunzwa, na bila sura yako na sauti yako fidla haitunzwi. Kisichokubalika popote nilipopita ni kiongozi kuchukua yote halafu aseme ni adhabu. Na kukuadhibu kwa jambo alilokukonyeza yeye, hapana. Ongea naye mkiwa wawili, usitumie ujumbe kwenye grupu, mwambie tukubaliane kabisa kabla ya shoo ijayo nani anaokota, nani anahesabu, inagawanywaje. Awepo mtu wa kuokota ambaye si mwimbaji, maana mwimbaji anayeinama kuokota noti katikati ya ubeti anaonekana vibaya na anapoteza pumzi. Siku hizi kuna na wanaotuma kwa simu, namba inatajwa na MC, hiyo namba iwe ya nani nayo mkubaliane, hapo ndo vikundi vingi vinavunjikia.

Na simu zenyewe sasa. Hili sisi hatukuwa nalo. Zamani kijembe kikitupwa ukumbini kinabaki ukumbini, kesho yake kila mtu anasimulia kwa jinsi alivyoona, wengine wanasema alikuwa anamlenga fulani wengine wanabisha, na katika kubishana huko mtu anapata pa kujificha. Sasa mtu anarekodi sekunde ishirini, umesimama mbele ya meza, noti inaonekana, sura ya aliyekaa inaonekana, inawekwa stetasi ya WhatsApp na maneno juu yake. Hakuna tena kubishana. Ndo maana nasema kushuka stejini siku hizi ni hatari kuliko ilivyokuwa, hata kwa waimbaji wazoefu. Ukitaka kushuka, shuka kwenye wimbo wa bibi harusi, nenda kwa bibi harusi, cheza na mama yake, piga picha. Ukiwa kwenye wimbo wa kijembe kaa juu, tena angalia ukutani mwisho kabisa wa ukumbi, juu ya vichwa vya watu. Mwimbaji anayetazama mbali kila mtu anahisi ameimbiwa yeye na hakuna anayeweza kuthibitisha.

Mtunzaji akikushika mkono kukuvuta, nenda naye hatua mbili za kucheza halafu zunguka urudi, fanya iwe sehemu ya dansi, watu watashangilia na yeye hataona umemkataa. Akikunong'oneza jina, tabasamu, usilirudie hata kwa midomo. Ukiona mwingine naye anainuka na uso umebadilika, usikate wimbo ghafla, muziki ukikatika watu wote wanageuka kutazama na mgombanaji hawezi tena kurudi nyuma, wewe toa ishara vyombo viendelee vitupu, pisha kinanda, sogea nyuma kwa waitikiaji, halafu muingie wimbo mwingine wa kuchezeka na MC awaite watu wa upande wa bwana harusi waje kati. Asilimia kubwa ya moto unazimika hapo hapo bila mtu kujua ulikuwa unawaka.

Kwa huyo mwenye shughuli iliyovunjika, nenda kamuone, nenda na mtu mzima, mama yako au shangazi, mpe pole. Usiende kujieleza nani alikonyeza nani alirudia, mpe pole tu na umwambie arobaini ya mtoto au maulidi au shughuli yoyote atakayokuwa nayo utamwimbia. Tanga si kubwa hivyo na kazi zako zote zijazo zinapita kwenye midomo ya kina mama kama yeye.

Na Jumamosi kabla hamjapanda kaa na mpiga kinanda wenu mkubaliane ishara, kidole sikioni, mkono kiunoni, chochote, ya kumwambia tusonge mbele. Ukimuona yule mama yuko ukumbini, ule wimbo usiuweke usiku huo hata akileta noti ngapi, mwambie sauti imeniuma leo dada, nitakuimbia mwingine.